Gita la mkono kutoka Hispania: karatasi zako zinaanzia kwa fundi, siyo forodhani

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni kwa wanaotaka gita la nyuzi za nailoni lililojengwa kwa mkono Hispania, na wanawaza watalifikishaje Dar, Mombasa, Bujumbura au popote walipo bila kukwama nalo forodhani. Mimi napiga na kufundisha gita la klasiki hapa Dar, na nimewasindikiza wenzangu kadhaa katika kununua na kuingiza. Ukiacha yote, shika hili: karatasi zitakazolipitisha gita lako zinaandikwa na fundi aliyelijenga, siku ile unayomlipa. Ukitoka karakanani kwake na risiti ya mstari mmoja iliyoandikwa "gita", afisa wa forodha atajaza mwenyewe yale ambayo fundi hakuyaandika, na atajaza kwa namna inayompendeza yeye.

Tuelewane kwanza ni gita gani. Hispania ina magita mengi ya viwandani, hasa upande wa Valencia na Alicante. Alhambra, kwa mfano, wapo Muro de Alcoy tangu 1965. Kwa mwanafunzi ni magita mazuri, na ukiagiza kupitia duka mambo mengi duka litakumalizia. Mimi nazungumzia lile linalojengwa na mtu mmoja au wawili kwenye karakana ndogo Granada, Madrid, Córdoba au Almería. Granada kuna mtaa unaitwa Cuesta de Gomérez, unapanda mlima kwenda kasri la Alhambra, na mafundi wa gita wamekaa pale vizazi na vizazi. Ukiingia unakuta magita hayajafungwa mgongo, yamelazwa kifudifudi juu ya ubao wa umbo wanaouita solera, na fundi anapachika vijipande vya mbao vya pembetatu kimoja kimoja kuunganisha uso na mbavu, kila kimoja anakibana kwa kidole mpaka gundi ishike. Shingo haiwekwi baadaye. Mbavu zinaingizwa kwenye mikato ya shina la shingo, mwili na shingo vinakuwa kitu kimoja. Hilo nitalirudia tukifika kwenye unyevu wa pwani.

Umbo hili tunalolijua leo lilikamilishwa na Antonio de Torres, aliyezaliwa Almería 1817 na kufariki 1892. Mwaka 1862 alijenga gita ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa, mbao zikabaki usoni, ili aonyeshe kwamba sauti inatoka usoni. Nalitaja kwa sababu watu wengi wanamwaga hela, na kujiingiza kwenye matatizo ya vibali, kwa kung'ang'ania mbao ya mgongo.

Sasa mbao, maana hapa ndipo forodha inapoanzia.

Uso huwa wa sprusi ya milima ya Ulaya au mwerezi mwekundu wa Marekani Kaskazini, ambao José Ramírez III aliuingiza kwenye magita ya Madrid miaka ya 1960. Zote mbili haziko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Saipresi ya mgongo wa gita la flamenko nayo haimo. Shingo kwa kawaida ni Cedrela odorata. Hiyo imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES (orodha ya vinavyouzwa nje kwa kibali), lakini kinachobanwa ni magogo, mbao zilizopasuliwa, veniya na plaiwudi. Gita lililokamilika linapita.

Rozudi ya India, Dalbergia latifolia, mbao ya mgongo na mbavu, ndiyo iliyotesa watu. Tarehe 2 Januari 2017 jenasi nzima ya Dalbergia iliingizwa Kiambatisho cha Pili, ukiacha rozudi ya Brazili ambayo tayari ilikuwa na masharti yake makali zaidi, na mafundi wakawa wanahitaji kibali kwa kila gita wanalouza nje. Mkutano wa CITES wa Geneva wa Agosti 2019 ukalegeza: kuanzia 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, vipande vyake na vifaa vyake havihitaji tena kibali hicho. Bado nakutana na watu, hata mawakala, wanaosimulia sheria ya 2017 kama ndiyo ya leo. Chapisha ukurasa wa masharti ya sasa, uuweke kwenye faili.

Rozudi ya Brazili, Dalbergia nigra, ni habari nyingine kabisa. Iko Kiambatisho cha Kwanza (orodha iliyobanwa kuliko zote) tangu 1992 na ule msamaha wa 2019 haukuigusa. Gita la zamani lenye mbao hiyo linahitaji cheti kinachothibitisha kwamba mbao ilipatikana kabla ya kuorodheshwa, na cheti kinatolewa na mamlaka ya CITES ya nchi linakotoka, siyo muuzaji. Muuzaji akikwambia "twende tu, hakuna anayekagua", mwachie gita lake. Ukishanyang'anywa hurudishiwi, na gita halina kosa lolote. Torres na gita lake la karatasi alishatuonyesha kwamba mbao hiyo si lazima.

Magita ya zamani yaangalie pia kipande cha juu shingoni na kile cha kwenye daraja zinapopita nyuzi. Siku hizi ni mfupa wa ng'ombe. Zamani mengine yaliwekwa pembe ya ndovu, na nakshi za gamba la ng'amba (kasa wa baharini). Kutua Dar au Nairobi na pembe ya ndovu kwenye mzigo wako sihitaji kuwaeleza. Mwambie fundi aking'oe, aweke mfupa, na aandike kwenye ankara kwamba ni mfupa.

Ankara yenyewe iwe hivi: jina na anwani ya karakana, mwaka wa kujengwa, namba iliyo kwenye lebo ya ndani, kila mbao kwa jina lake la kisayansi (uso, mgongo, mbavu, shingo, ubao wa vidole, daraja), neno "mfupa wa ng'ombe", bei ya gita, na bei ya kesi katika mstari wake. Iandikwe kwa Kihispania na Kiingereza, isainiwe. Piga picha ya lebo kupitia tundu la sauti, namba isomeke. Fundi makini hatakataa, wengi wameshazoea tangu ile 2017.

Lipa kwa benki. Hispania ina sheria inayozuia malipo ya taslimu ya euro 1,000 na zaidi ukinunua kwa mfanyabiashara. Kwa mgeni asiye mkazi anayenunua kwa matumizi yake binafsi kikomo ni euro 10,000. Hata kama sheria inakuruhusu, mwamala wa benki ni ushahidi wa bei ambao ni vigumu afisa kuubishia.

Kodi ya kule, IVA, ni asilimia 21. Gita la euro 3,000 bila kodi utauziwa 3,630. Ukiishi nje ya Umoja wa Ulaya una haki ya kurudishiwa ile 630. Ukilibeba mwenyewe, omba fomu ya DIVA dukani, uigonge kwenye mashine ya forodha uwanja wa ndege wa mwisho unaotokea Ulaya. Fanya hivyo kabla ya kukabidhi mzigo, maana afisa anaweza kutaka kuliona gita. Ukiruka kutoka Granada ukabadili ndege Madrid, hakikisha umeuliza unagongea wapi. Likitumwa kwa mzigo, fundi analiuza bila IVA moja kwa moja kwa kuwa ni mauzo ya nje, na hapo dai nakala ya hati ya kusafirisha nje.

Kwetu sasa. Gita la kawaida ni mstari wa 9202.90 wa kitabu cha ushuru. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na vitabu hubadilishwa kila Julai, kwa hiyo fungua cha mwaka wako. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme ni 10. Gita 3,000, usafiri na bima 250, thamani ya forodha ni 3,250. Ushuru 325. VAT inatozwa juu ya jumla, yaani 3,575: kwa Tanzania Bara asilimia 18 ni 643.50, kwa Kenya asilimia 16 ni 572. Ongeza tozo ndogondogo kama ya reli. Mtu anayepanga bajeti ya gita bila hesabu hii ndiye anayeishia kuomba "kupunguziwa" pale dirishani.

Na tafadhali pita njia nyekundu, ile ya wenye vitu vya kudeklea. Msamaha wa mizigo ya abiria kwa miaka mingi ulikuwa dola 500, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, waliwakumbusha wasafiri kiwango hicho mwaka 2023 mpaka ikawa mjadala mkubwa. Gita la mkono linazidi hapo kwa mbali. Ukideklea na ankara iliyonyooka, unalipa na unapewa risiti, na risiti hiyo ndiyo kinga ya gita kwa maisha yake yote hapa nchini.

Karibuni kwa maswali.

Fundi Randa

Mkuu, ahsante kwa bandiko. Mimi ni seremala, niko Keko. Ulivyotaja Dalbergia nikakumbuka kuwa mpingo wetu ni jenasi hiyo hiyo. Nina vipande vya mpingo vilivyokauka miaka, safi, havina ufa. Je, naweza kumpa mtu anayekwenda Hispania akampelekee fundi amjengee gita mgongo wa mpingo?

Nyuzi Sita

Fundi, swali zuri sana, na kwa kweli ningependa siku moja nilione gita hilo. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, uko Kiambatisho cha Pili kama ndugu zake. Msamaha wa 2019 ni wa ala iliyokamilika. Ubao siyo ala. Kwa hiyo vipande vyako vinahitaji kibali cha CITES cha kutoa nje pamoja na taratibu za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) za mazao ya misitu, na upande wa pili Umoja wa Ulaya unataka kibali chake cha kuingiza kabla mzigo haujafika. Kumpa msafiri aweke sanduku la nguo ni kumtafutia kesi. Lakini gita likishajengwa kwa mpingo, kurudi nalo nyumbani hakuhitaji kibali hicho, ila ankara iandike jina hilo la kisayansi herufi kwa herufi.

Wapo mafundi wa Ulaya ambao tayari wana mpingo, kwa sababu watengenezaji wa klarineti na oboe wanautumia tangu zamani. Njia rahisi ni kumwomba fundi atumie wa kwake. Mpingo wa Kilwa au Lindi unaweza kuwa umefika kule kwa karatasi halali kabla yako.

Fundi Randa

Nimekupata. Niongeze moja la kiufundi: anayeagiza aelewe mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Mgongo na mbavu lazima zirandwe nyembamba kuliko rozudi la sivyo gita litaelemea paja. Na unapasuka kirahisi ukikaushwa kwa haraka. Amuulize fundi mbao imekaa stoo muda gani.

Mtoto wa Kizingo

Nyuzi Sita, salaam kutoka Mombasa. Langu lilikuja kwa kurier. Wakala aliyenishughulikia aliliandika kwenye 9207, nikaona makadirio hayalingani na niliyoyapiga mwenyewe. Nilipouliza, akanijibu gita ni gita. Naomba uwaeleze watu tofauti, maana huenda nao wakakutana na wakala kama huyo. Na jambo la pili, kakangu: kuna jamaa hapa anasema amwombe fundi aandike bei nusu. Wewe wasemaje?

Nyuzi Sita

Kaka, 9207 ni ala ambayo sauti yake inatokana na umeme au ni lazima ikuzwe kwa umeme, yaani gita la umeme na kinanda cha umeme. Gita la Kihispania linatoa sauti lenyewe, ni 9202.90. Mwombe fundi aiandike namba hiyo kwenye ankara pembeni ya maelezo. Ikiwa imechapishwa, wakala hapati nafasi ya kubuni. Na kabla wakala hajawasilisha chochote, mwambie akutumie rasimu uisome. Ni mali yako na jina ni lako.

La bei nusu nalikataa kabisa. Kwanza ni kumtaka fundi aghushi hati ya kodi nchini kwake. Pili, forodha ina mamlaka ya kuitupa ankara na kukadiria thamani kwa njia nyingine, na akitazama jina la fundi kwenye intaneti bei iko pale. Tatu ni bima: gita likivunjwa njiani utalipwa nusu ile uliyoiandika. Huyo jamaa, kama gita la 3,000 pamoja na kodi linamshinda, amwombe fundi la 2,000. Karakana nyingi zina modeli zaidi ya moja, na tofauti mara nyingi ni mbao ya mgongo, nakshi na saa za kazi.

Mtoto wa Kizingo

Nimekuelewa, nitamfikishia. Unyevu je? Langu limepanda nyuzi tangu mvua za masika zianze, kubonyeza kwenye fret ya kumi na mbili ni kazi.

Nyuzi Sita

Hilo ndilo nililoliahidi juu. Granada na Madrid ni kukavu, na mafundi wanajenga wakidhibiti unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 45 hadi 50. Pwani yetu inakaa 75, 80 na zaidi. Uso unavuta maji, unavimba kwa juu, unanyanyua daraja, nyuzi zinapanda. Kwa kuwa shingo ni kitu kimoja na mwili, huwezi kuibandua na kuirekebisha pembe kama magita ya boliti. Dawa rahisi ni kile kipande cha mfupa kwenye daraja. Wakati wa kununua mwambie fundi akukatie vitatu: cha kawaida, kilichopungua milimita moja, na kingine katikati. Kwake ni kazi ndogo, kwako ni gita linalopigika mwaka mzima. Masika unaweka kifupi, kiangazi unarudisha. Kesi iwe inafungwa vizuri, weka pakiti za kudhibiti unyevu ndani, na kipimo kidogo cha unyevu.

Jingine la pwani: vanishi. Magita mengi mazuri yanapakwa goma laca, utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwa spiriti, unaopakwa kwa kitambaa tabaka kwa tabaka nyembamba sana. Sauti yake naipenda kuliko zote. Ila joto na jasho la mkono wa kulia vinailainisha, na sehemu ya mkono inaanza kunata na kufifia. Wa Dar na Mombasa vaeni soksi ya mkono au wekeni kitambaa, au mwombe fundi apake goma laca usoni tu na vanishi ngumu mgongoni na mbavuni.

Bint Malindi

Asalaam aleikum kaka Nyuzi. Mie mtu wa Unguja, niko Muscat. Huku forodha ya nchi za Ghuba ni asilimia 5, na Oman VAT ni 5 vilevile, kwa hiyo hilo halinitishi. Nna maswali mawili. Nilibebe ndani ya ndege au nilitume? Na babangu ana gita la zamani, nakshi ya kuzunguka tundu naona ni ng'amba. Nataka kulipeleka Hispania likatengenezwe.

Nyuzi Sita

Waalaikum salaam dada. Tuanze na la mzee. Ng'amba iko Kiambatisho cha Kwanza. Usilisafirishe kabla mtaalamu hajaliona, kwa sababu mara nyingi kinachoonekana ng'amba ni seluloidi au plastiki ya rangi ile. Ikithibitika ni ng'amba kweli, anza na mamlaka ya mazingira ya Oman uulize cheti cha ala ya muziki. CITES ina cheti maalumu kwa wanaosafiri na ala zao binafsi, kinaruhusu kuvuka mipaka mara nyingi ndani ya muda wake, ili mradi ala haiuzwi njiani. Bila hicho, mtafutie mzee fundi wa kumfuata huko huko.

La kusafirisha: kwa gita moja mimi naona libebwe. Kesi ya gita ni kama mita moja na kidogo, na hakuna sheria ya Ulaya inayoyalazimisha mashirika yote kulipokea ndani, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi na upate jibu kwa maandishi. Mashirika mengi yanauza kiti cha ziada kwa ajili ya ala. Bei inauma, lakini ipime na thamani ya gita. Likilazimika kwenda chini, legeza nyuzi kiasi, jaza nafasi zote ndani ya kesi, hasa chini ya kichwa cha shingo, maana pale ndipo yanapovunjika kesi ikidondoka.

Ukituma kwa kontena au kreti, kumbuka kreti ya mbao lazima iwe imetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto, na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia. Kreti bila muhuri inaweza kuzuiwa na watu wa afya ya mimea wakati gita lenyewe halina tatizo. Boksi gumu la katoni linaondoa suala hilo lote.

Bint Malindi

Ahsante sana kaka, Mungu akuzidishie. Ntampigia fundi wa Granada nimwambie la ankara kabla sijatuma arubuni.

Mwalimu wa Kwaya

Mkuu, niko Moshi. Wanakwaya wetu wanakwenda Ulaya na magita mawili ya Kihispania ambayo tulishayalipia ushuru zamani. Tukirudi KIA, uwanja wa Kilimanjaro, si watatutoza tena?

Nyuzi Sita

Mwalimu, msiondoke kimya kimya. Kabla ya kupanda ndege nendeni ofisi ya forodha uwanjani na magita yenyewe, mkayaandikishe kuwa yanatoka kwa muda na yatarudi. Afisa atalinganisha namba za lebo na atawapa hati. Nendeni siku moja kabla kama inawezekana, msibanwe na muda wa ndege. Ile risiti ya ushuru ya zamani ibebeni nakala, halisi ibaki Moshi. Kama mmoja wa wanakwaya atanunua gita jingine huko, liwe na ankara yake na lidekelewe peke yake mkirudi. Msilichanganye kwenye hati ya yale mawili, kwa sababu namba ya tatu isiyokuwemo ndiyo itakayofanya mpaka yale mawili yaanze kuulizwa maswali.

Na nyuzi za akiba nunueni huko huko za kutosha. Seti chache za matumizi yenu hazina shida, ila mkibeba katoni zima la kuja kuuza, hilo ni mzigo wa biashara, lina mstari wake wa 9209 na mtalilipia hivyo.